Mgogoro wa Saiprasi: Nyumba na Mlinzi Wake (Sehemu ya Pili)

Vita vya mwaka 1974 nchini Saiprasi, vilivyotanguliwa na mapinduzi ya tarehe 15 Julai yaliyochochewa na watawala wa kijeshi wa Ugiriki na kufuatwa siku 5 baadaye na uvamizi wa majeshi ya Uturuki, viliwahamishia kusini Wagiriki zaidi ya 160,000 wa kisiwa hicho na kaskazini Waturuki zaidi ya 40,000, wengi wao wakiacha nyumba zenye vyombo na mashamba yenye matunda. Kaskazini, Waturuki waliotoka kusini walithaminiwa mali walizoziacha, wakapewa za Wagiriki badala yake. Kusini, mali za Waturuki ziliwekwa chini ya uangalizi wa serikali mpaka suluhu ipatikane.

Hivyo nyumba moja ikawa na wadai wawili, mwenye hati ya kale na aliyeikalia kwa kukosa pengine pa kwenda. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua mwaka 1996, katika shauri la Loizidou, kwamba mwenye hati hakupoteza umiliki wake. Mwaka 2010, katika shauri la Demopoulos, iliikubali Tume ya Mali Isiyohamishika ya upande wa kaskazini, yenye uwezo wa kurudisha mali, kuibadilisha kwa nyingine au kulipa fidia, ikieleza kuwa miongo iliyopita haiwezi kupuuzwa. Vivuko kati ya pande hizo mbili vilipofunguliwa Aprili 2003, maelfu walikwenda kubisha hodi kwenye milango yao wenyewe, wakafunguliwa na wageni waliokwisha kulea watoto humo.

Hata hivyo, hukumu haimlindi mtu usiku. Mkataba wa Dhamana wa mwaka 1960, yaani makubaliano yaliyozipa Uingereza, Ugiriki na Uturuki jukumu la kulinda katiba ya nchi hiyo, kwa Mturuki anayekumbuka mauaji ya Desemba 1963 kati ya Wagiriki na Waturuki wa kisiwa hicho ndio kinga yake, ilhali kwa Mgiriki ndio kisingizio kilichotumiwa kumfukuza kwake. Mpango wa Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, ulitaka majeshi yapunguzwe na baadhi ya ardhi irudishwe kwa awamu. Katika kura ya Aprili 2004 Waturuki waliukubali kwa asilimia 65, Wagiriki wakaukataa kwa asilimia 76, wengi wao wakihofu kubadili dola yao mara moja huku ahadi walizopewa zikingoja miaka.

Mwaka 2017 huko Crans-Montana, Uswisi, dhamana zilijadiliwa kwenye meza moja, na ardhi, mali na utawala kwenye nyingine, na mazungumzo yakavunjika. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro kubwa, kwa kuwa hakuna atakayeachia nyumba, wala atakayerejea kijijini kuwa mchache kati ya wengi, kabla ya kujua atalindwa na nani. Kila kijiji kinachorudishwa kilipaswa kuandikwa pamoja na kikosi kinachoondoka na polisi wanaoingia. Sehemu ijayo itaeleza suala la Varosha, kitongoji cha mji wa Famagusta.