Ganeti: punje nyekundu iliyotoka tumboni mwa Usambara

Je, wajua kwamba jiwe la kawaida la vilima vya Vuga, Usambara Magharibi, lile linalovunjwa kokoto au kupangwa msingi wa nyumba, liliwahi kukaa zaidi ya kilomita 30 chini ya ardhi, penye joto la nyuzi 800 hivi? Ushahidi haupo mbali. Livunje kwa nyundo, kipande kile kibichi ukiangalie juani. Utaona mistari myeupe na mistari ya weusi wa kijani imepishana, na katikati yake punje za rangi nyekundu iliyokoza, zimejipachika kama mbegu za komamanga. Nyingine ni ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kibiriti, nyingine zinafikia ukubwa wa harage. Hiyo ndiyo ganeti.

Vuga inafahamika zaidi kwa watu wake kuliko kwa mawe yake. Hapa palikuwa makao makuu ya ufalme wa Wakilindi, na hapa Kimweri ye Nyumbai alitawala Usambara hadi alipofariki mwaka 1862. Mmisionari Krapf alifika kwake mwaka 1848. Miaka tisa baadaye wakaja wasafiri Burton na Speke, kabla hawajaanza safari yao ya maziwa makuu. Wageni hao waliandika habari za mfalme, migomba na baridi ya milimani. Mwamba waliokanyaga ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 600, na habari zake zilichelewa sana kuandikwa.

Wanajiolojia wanauweka mwamba huo katika kundi la miamba geu: miamba iliyokuwa ya aina nyingine, ikabadilishwa na joto na mgandamizo bila kuyeyuka yote. Tope la bahari likizikwa kina kirefu hugeuka kuwa mwamba wenye ulanga, na likizidi kushuka huwa naisi yenye mistari. Mawe ya chokaa huwa marumaru. Lava ya zamani huwa amfibolaiti, mwamba mweusi mzito. Usambara ilivuka hatua hizo zote ikafika karibu na ukingo wa kuyeyuka, kwenye daraja ambalo wataalamu huliita granulaiti.

Kilichoishusha, kwa maelezo ya kawaida, ni mgongano wa mabara. Kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, bahari ya kale iliyotenganisha mabara mawili ilifungika, na kingo za mabara hayo zikapandiana. Kovu la mgongano huo linaanzia Uarabuni, linapita Ethiopia, Kenya na Tanzania, linaingia Msumbiji na Madagaska. Usambara, Pare na Uluguru ni vipande vya kovu hilo. Mwaka 1998 watafiti watatu kutoka Kiel, Ujerumani, yaani Peter Appel, Andreas Möller na Volker Schenk, walichapisha vipimo vya miamba ya milima hiyo: joto la nyuzi 810 hivi, na mgandamizo unaozidi wa hewa tunayoivuta mara elfu tisa hadi elfu kumi na moja.

Walijuaje? Kwa sehemu kubwa, kutokana na ganeti.

Ganeti hupenda mgandamizo. Madini mepesi yakibanwa hupangua atomi zake na kuzipanga upya katika umbo linalochukua nafasi ndogo, na umbo hilo mara nyingi ni ganeti. Ndiyo maana ni nzito: kwa ujazo ule ule, inaizidi kwatzi kwa nusu au karibu na hapo. Ikikua bila kubanwa na majirani hutoka na nyuso kumi na mbili zilizolingana, utadhani imechongwa na sonara. Chuma, magnesi, manganizi na kalsi hugombea nafasi ndani yake, na mshindi hutegemea joto na kina. Mtaalamu huikata punje kwa msumeno wa almasi, huisugua mpaka iwe nyembamba, kisha hupima kemia yake kuanzia kiini hadi ukingoni na kusoma jiwe lilipitia wapi. Katika miamba ya Usambara ganeti nyingine zimeota kama taji jembamba kuzizunguka punje nyeusi za madini ya pairoksini. Taji hilo linaonyesha kwamba mwamba haukupandishwa juu haraka. Ulibaki kule kule chini ukipoa polepole kwa mamilioni ya miaka.

Sasa lije swali la mchimbaji: joto lote hilo linaifanyia nini mbale, yaani mawe yenye madini ya thamani?

Kwanza linabadilisha ukubwa wa punje na mahali zilipo. Mbale ya risasi, zinki na shaba ikiwa changa huwa na chembe ndogo mno, zimechanganyikana kiasi kwamba karasha na kinu hushindwa kuzitenganisha. Joto la muda mrefu huzikuza chembe hizo, na kinachofuata ni unafuu mkubwa wa kuchenjua. Mgandamizo nao una kazi yake. Galena, madini ya risasi, ni laini; mwamba ukikunjwa, yenyewe hutiririka taratibu na kwenda kujaa kwenye mikunjo. Pirati, ile inayong'aa kama dhahabu na kuwadanganya wengi, ni ngumu na hupasuka badala ya kutiririka. Joto likizidi, hupoteza sehemu ya salfa yake na kugeuka pirotiti, ambayo huvuta sumaku kidogo. Kwa hiyo ndege ya utafiti yenye kipima sumaku inaweza kuigundua mbale iliyofunikwa na udongo na pori.

Pili, joto hufukuza maji. Miamba geu ya daraja la chini imejaa madini yaliyofungia maji ndani yake. Joto likikaribia nyuzi 500 madini hayo huvunjika, maji hutoka, na maji hayo ya moto yenye salfa hubeba dhahabu kidogo kidogo kutoka katika mwamba mpana. Hupanda kwenye nyufa. Yakikutana na mwamba wenye chuma kingi, au mgandamizo ukishuka ghafla, dhahabu huganda pamoja na kwatzi. Hivyo ndivyo inavyoelezwa dhahabu nyingi ya Kanda ya Ziwa, huko Geita, Bulyanhulu na North Mara, katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5.

Vuga iko upande wa pili wa hesabu hiyo. Granulaiti ni mwamba uliokwisha kukaushwa: maji yalitoka zamani, na mengi yaliyoweza kubebwa na maji yaliondoka nayo. Ndiyo sababu mtu anaweza kuzunguka Usambara Magharibi siku nzima, akaona ganeti kila jiwe, asione mgodi mkubwa wa metali hata mmoja.

Utajiri wa eneo hili umelala pembeni, mahali miamba miwili isiyofanana ilipogusana. Mto Umba unachukua maji yake milimani Usambara na kushuka kaskazini mashariki hadi nyika ya joto iliyo mpakani na Kenya. Huko, tangu miaka ya 1960, wachimbaji wamekuwa wakitoa yakuti za karibu kila rangi: za bluu, za manjano, za zambarau, hata za rangi ya chungwa. Chanzo chake ni ujirani mbaya. Mwamba wa serpentinaiti, wenye magnesi nyingi na silika kidogo, ulipenyezwa na mishipa ya pegmataiti, mwamba mweupe wenye silika na alumini tele. Serpentinaiti ikainyonya silika ya pegmataiti. Alumini iliyobaki bila silika ya kuungana nayo ikajifunga na oksijeni pekee, na alumini na oksijeni zikikaa peke yake hivyo ndiyo yakuti. Rangi zikatoka kwenye chuma, titani na kromi kidogo zilizochukuliwa kwa jirani yule yule. Mpakani pa miamba hiyo miwili kulibaki utando wa ulanga na vemikulaiti inayomeng'enyeka mkononi, na utando huo ni alama muhimu: palipo nao, pegmataiti na serpentinaiti zilikwishafanya biashara yao.

Kwa jiolojia, basi, jiwe linalozunguka mbale lina uzito sawa na mbale yenyewe. Mfano wa Merelani, Simanjiro, unalidhihirisha hilo vizuri zaidi. Tope jeusi la bahari ya kale, lililojaa mabaki ya viumbe, lilikuwa limekusanya madini ya vanadi. Mgongano wa mabara ulipolizika, kaboni ya viumbe hao iligeuka kinywe, yale madini meusi ya penseli na betri. Vanadi haikuondoka. Ilipokutana na kalsi ya tabaka za chokaa za jirani ilipata pa kuingia: mahali pengine ikaingia katika ganeti ya kalsi na kuigeuza kijani kibichi, mahali pengine ikaingia katika zoisaiti na kuzaa tanzanaiti. Ile ganeti ya kijani, tsavoraiti, aliikuta mwanajiolojia Campbell Bridges mwaka 1967 Lemshuku, na baadaye upande wa Taita nchini Kenya. Tanzanaiti nayo ilijulikana mwaka huo huo wa 1967, na Jumanne Ngoma ndiye anayetambuliwa na Serikali ya Tanzania kuwa mgunduzi wake. Tanzanaiti nyingi hutoka shimoni zikiwa na rangi ya kahawia. Wafanyabiashara huzichoma tena kwenye tanuri, kwa nyuzi 500 hivi, ndipo ile bluu inapojitokeza. Mwezi Juni 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7.

Kinywe chenyewe hufaidika na joto. Joto likiwa dogo hubaki vumbi. Likifika daraja la juu hukua na kuwa magamba makubwa yanayoonekana kwa macho, nayo magamba makubwa ndiyo yenye bei. Ndiyo maana makampuni yamekwenda Mahenge na Lindi, ambako ukanda huu wa miamba geu unaendelea kuelekea kusini.

Na ganeti nyekundu? Peke yake, ile ya Vuga haina soko la vito: mara nyingi ina nyufa na wingu. Lakini ikikutwa mahali fulani kwa wingi usio wa kawaida, watafiti hawaipiti. Kusini mwa Usambara, katika kilima cha Magambazi wilayani Handeni, dhahabu imekaa ndani ya amfibolaiti iliyojaa ganeti, na kampuni ya Canaco ya Kanada ilikuwa ikichoronga hapo mwaka 2010. Nchini Australia, mji wa Broken Hill ulizaliwa baada ya mfanyakazi wa ranchi, Charles Rasp, kuokota jiwe zito mwaka 1883 akidhani ni bati. Ilikuwa risasi, fedha na zinki, moja ya mbale kubwa zaidi za aina hiyo duniani. Nayo ilipitia joto la daraja la granulaiti, sawa na la Usambara. Kando yake kuna mwamba wa ganeti yenye manganizi nyingi, na wanaotafuta mbale kama hiyo kwingineko huanza kwa kuitafuta ganeti ya namna hiyo.

Mvua iliendeleza pale joto lilipoishia. Milima ilipoinuliwa na mipasuko ya ardhi, maji yaliifua miamba ya Usambara kwa muda mrefu mno, yakaondoa silika na kuacha alumini. Bauksaiti ya Magamba, juu ya Lushoto, ilipatikana hivyo. Vitu vizito viliteremshwa mitoni. Anayechekecha mchanga kwa karai huziona ganeti zikibaki chini pamoja na mchanga mweusi, na kama ipo, dhahabu hubaki nazo. Mwaka 2003 na 2004 habari za dhahabu ya mitoni zilivuta umati hadi Sakale, Usambara Mashariki, ndani na kandokando ya Hifadhi ya Amani. Kingo za vijito zilichimbuliwa na maji yakachafuka, katika milima inayoupa Mto Zigi maji yanayotumiwa na jiji la Tanga.

Kwa hiyo mkazi wa Vuga, Bumbuli au Mlalo aliyeokota jiwe linalomtatiza asiharakishe kushika sululu, wala asimwamini dalali wa kwanza. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyopo Dodoma, hupokea sampuli na kuzipima maabara. Atakaporudi kuchukua sampuli pale alipoliokota, aangalie pia jiwe la pembeni, achukue kipande chake na kuandika mahali hasa alipokitoa, kwani mtaalamu atauliza habari za jirani kabla ya kutoa jibu. Kuchimba kunahitaji leseni ya Tume ya Madini, hata kwa mchimbaji mdogo. Na ganeti nyekundu iliyojaa kila ukuta wa mawe wa Vuga haiuziki kwa sonara. Mwalimu wa jiografia, hata hivyo, hatapata kifaa cha kufundishia kilicho rahisi kuliko hicho.