Je, Wajua? Lucy Deakins, Msichana wa Filamu ya Duma

Miaka ya mwanzo ya 1990, nyumba yenye deki ya video pale Liwatoni, Mombasa, haikukosa watoto siku ya Jumamosi. Tuliketi sakafuni, mlango umeachwa wazi ili upepo wa Kilindini uingie, bakuli la mabuyu likipita mkono kwa mkono. Filamu za Kihindi ndizo zilizotawala. Siku moja moja ililetwa kaseti ya Kizungu, na mojawapo iliitwa Cheetah. Tulimwona msichana wa Kimarekani aliyekuja Kenya na kakake, wakalea kitoto cha duma. Msichana yule ni Lucy Deakins. Mtaje leo mtaani, hakuna atakayegeuka. Hata kwao Marekani wanaomkumbuka ni wale waliokuwa vijana wakati huo. Mimi naona sisi Waswahili tuna sababu zetu za kumkumbuka, maana filamu yake imebeba vitu vyetu vingi.

Je, wajua kwamba alianza kwa tamthilia ya televisheni? Alizaliwa mwaka 1971. Alipokuwa na miaka 13 hivi aliingia kwenye As the World Turns, tamthilia ya kila siku iliyofuatwa na mamilioni ya Wamarekani, akacheza kama Lily Walsh. Hakukaa sana. Mwaka 1985 nafasi hiyo ilichukuliwa na Martha Byrne, na watazamaji wengi humjua Lily kwa sura ya Martha. Lucy ndiye aliyemtangulia.

Kazi yake kubwa ilikuja mwaka 1986, filamu ya The Boy Who Could Fly. Humo anaitwa Milly, binti wa miaka 14 aliyefiwa na baba, akahamia mtaa mpya na mama yake na mdogo wake wa kiume. Nyumba ya jirani kuna kijana, Eric, ambaye wazazi wake walikufa kwenye ajali ya ndege. Eric hasemi. Hukaa dirishani, mikono ameinyoosha kama mbawa, siku nzima. Milly anaamua kuzungumza naye hata kama hajibiwi. Ndiyo filamu yenyewe, kwa sehemu kubwa: msichana anayesema na mtu aliyenyamaza, akimrushia mpira, akimtazama usoni kuona kama kuna kitu kimebadilika. Lucy alikuwa na miaka 15 hivi, na alijua kusikiliza mbele ya kamera. Waigizaji wengi wa umri ule hungoja tu zamu yao ya kusema. Yeye humtazama mwenzake, na wewe mtazamaji unaanza kumtazama Eric kwa macho yake. Kwangu, hakuwahi kufanya kazi bora kuliko hiyo.

Kuna mawili matatu ya kushangaza kuhusu filamu hiyo. Mwelekezi wake, Nick Castle, ndiye aliyevaa kinyago cha muuaji Michael Myers katika Halloween ya mwaka 1978. Mtu aliyewatisha watu bila kusema neno ndiye aliyekuja kutengeneza hadithi ya upole ya kijana asiyesema. Mdogo wake Milly alichezwa na Fred Savage, ambaye baada ya muda mfupi alipata umaarufu wa dunia kwa The Wonder Years. Na Jay Underwood, aliyekuwa Eric, baadaye aliacha Hollywood akawa mchungaji wa kanisa.

Mwaka 1988 Lucy alionekana katika filamu mbili. Little Nikita ilimweka pamoja na River Phoenix, kijana aliyependwa mno wakati ule, na mzee Sidney Poitier. The Great Outdoors ilikuwa ya kuchekesha, na John Candy na Dan Aykroyd ndio waliokuwa mbele. Ndiyo pia filamu ya kwanza ya Annette Bening. Nafasi za Lucy humo ni ndogo.

Kisha akaja kwetu.

Je, wajua kwamba Cheetah ilipigwa picha hapa hapa Kenya? Ni filamu ya Disney, ikaanza kuonyeshwa Marekani Agosti 1989. Mwelekezi ni Jeff Blyth, na hadithi imetokana na riwaya ya Alan Caillou. Ndugu wawili wa California, Ted na Susan, wanawafuata wazazi wao watafiti porini. Wanakuta kitoto cha duma ambaye mama yake ameuawa na majangili. Wanamlea, wanafanya urafiki na mvulana wa Kimaasai aitwaye Morogo, kisha duma anaibwa na watu wanaotaka kumshindanisha na mbwa wa mbio ili wacheze kamari. Watoto wanatoroka kwenda kumtafuta. Lucy ndiye Susan. Pamoja nao walicheza Wakenya kama Lydia Kigada na Paul Onsongo, majina ambayo yamefunikwa na vumbi zaidi ya la Lucy, na hilo linaniuma.

Kuna jambo moja sikulipenda nikiwa mtoto, na sijalipenda hadi leo: mwizi mkuu wa hadithi ni mfanyabiashara wa Kihindi. Sisi wa Mombasa tumekua tukitumwa sukari na chumvi kwa Wahindi wa dukani, tukiongezwa peremende na kuulizwa habari za nyumbani. Filamu ya watoto ingeweza kumpata mwovu wake mahali pengine.

Je, wajua yule duma aliitwaje? Duma. Waandishi wa California walichukua neno letu la mnyama wakalifanya jina la kubatizia. Nakumbuka nilimgeukia bibi, aliyekuwa akitazama huku akichambua mchicha.

"Bibi, mbona duma wamwita Duma?"

"Na paka wetu twamwitaje?"

"Paka."

"Haya basi."

Mwaka 2005 ilitoka filamu nyingine ya Kimarekani ya mtoto na duma, ya Carroll Ballard, na hiyo ikaitwa Duma moja kwa moja. Neno la Kiingereza lenyewe, cheetah, lilitoka Kihindi, chita, kwa maana ya mwenye madoadoa. Na kwa kuwa wengi wetu humwita duma chui, tofauti ni hii: duma ana michirizi miwili myeusi iliyoshuka kutoka machoni hadi mdomoni, kana kwamba amelia wanja ukamtiririka. Chui hana. Duma hangurumi kama simba. Hukoroma kama paka wa nyumbani, na huwaita wanawe kwa mlio mwembamba unaoweza kuudhania wa ndege.

Je, wajua kwamba kuna uhusiano kati ya filamu hii na sheria ya kulinda fedha za watoto? Aliyecheza kama Ted, kaka wa Lucy, ni Keith Coogan. Babu yake, Jackie Coogan, alikuwa mtoto maarufu kuliko wote katika sinema baada ya kucheza na Charlie Chaplin katika The Kid mwaka 1921. Alichuma mamilioni ya dola akiwa bado mtoto. Alipokua na kuidai mali yake, alikuta mama yake na baba wa kambo wametumia karibu yote. Aliwashtaki mwaka 1938, akaambulia dola 126,000. Mwaka 1939 jimbo la California likapitisha sheria ya kuweka akiba sehemu ya mapato ya mtoto mwigizaji, na hadi leo inaitwa kwa jina la Coogan. Waigizaji watoto waliofuata California wameikuta sheria hiyo mezani.

Sasa tuje kwenye lile ambalo wengi hudhani ni uzushi wa watunga filamu: duma kushindanishwa na mbwa. Lilitokea kweli, na duma hao walitoka Kenya. Mwingereza Kenneth Gandar-Dower, mcheza tenisi, rubani na mwandishi, alisaidiana na mkulima Raymond Hook wa Nanyuki kuwakamata duma, akawasafirisha hadi Uingereza. Walikaa karantini miezi 6. Desemba 1937 walikimbizwa katika uwanja wa mbio za mbwa wa Romford, jirani na London, mbele ya watu waliokuja kutazama miujiza. Duma jike aliyeitwa Helen alipita mbwa. Hata hivyo biashara haikudumu, kwa sababu ambayo yeyote aliyefuga paka ataielewa: duma hashindani. Mbwa wa mbio atamfuata sungura bandia mpaka mwisho hata kama yuko nyuma. Duma akiona mwenziwe ametangulia, au chambo hakifikiki, huacha akaenda zake. Mwili wake umeumbwa kwa mbio fupi za zaidi ya kilomita 100 kwa saa, kisha apumzike. Gandar-Dower huyu aliwahi kuingia na duma ndani ya baa ya klabu ya tenisi ya Queen's, London.

Mwisho wa Gandar-Dower unarudi mlangoni petu. Ukikaa Liwatoni, karibu na bandari ya wavuvi, upande ambao mwishoni mwa 2020 liliwekwa daraja la kuelea la waendao kwa miguu hadi Ras Bofu, meli zinazoingia na kutoka Kilindini hupita karibu mno, hata unaona watu juu ya sitaha. Mwanzoni mwa Februari 1944 ilitoka kwenye mlango huo meli ya Khedive Ismail, ikielekea Colombo katika msafara. Ndani mlikuwa na watu 1,511: askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, nambari 301, mabaharia, makumi ya wauguzi wanawake, na Gandar-Dower, ambaye wakati huo alikuwa mwandishi wa habari za vita. Februari 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpido. Ilizama kwa muda usiofika dakika 2. Walikufa watu 1,297, mamia yao vijana wa Afrika Mashariki. Nimewauliza watu wengi wa rika langu waliokulia ufukweni hapa. Wachache sana waliwahi kusimuliwa kisa hiki.

Je, wajua kwamba katika Cheetah, miaka 5 kabla ya The Lion King, tayari yanasikika maneno hakuna matata? Watu hudhani Disney waliyaokota mwaka 1994 kwa ajili ya ngiri na nguchiro wao. Walikuwa nayo tangu 1989. Na kabla ya hapo yalikwisha kuzunguka dunia kutoka Mombasa: bendi ya Them Mushrooms, iliyoanzishwa mjini humu mwaka 1972, ilitoa Jambo Bwana mwaka 1982, wimbo alioutunga Teddy Kalanda Harrison kwa ajili ya watalii wa hoteli za pwani. Mwaka uliofuata Boney M. wakaurekodi wao. Disney waliomba alama ya biashara ya maneno hayo Marekani mwaka 1994, wakaipata mwaka 2003, ya kuchapisha kwenye nguo. Mwishoni mwa 2018 Shelton Mpala wa Zimbabwe alianzisha ombi la kuipinga, na zaidi ya watu 100,000 wakatia sahihi.

Sisi wenyewe husema hakuna shida, au hamna neno. Lakini neno matata lina mizizi mizuri. Nenda Liwatoni asubuhi umtazame mvuvi aliyeketi na wavu mapajani: uzi umetata, umejifunga wenyewe kwa wenyewe, naye anautatua, fundo baada ya fundo, kwa ukucha wa kidole gumba. Humo ndimo yalimotoka maneno tatizo, utata, kutatiza na kutatua. Alama ya biashara haifiki huko.

Na Lucy? Baada ya Cheetah alicheza katika There Goes My Baby, filamu ya vijana wa sekondari, ikakwama kwa miaka kadhaa kwa sababu kampuni iliyoitengeneza, Orion, ilifilisika. Ilipofika kwa watazamaji mwaka 1994, wale vijana wa ndani yake walikuwa watu wazima. Lucy alikwisha kuchagua njia nyingine. Alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard akasomea dini mbalimbali za dunia na ulinganisho wake, kisha akasomea sheria akawa wakili. Nikimkumbuka Underwood na kanisa lake, nafurahi kuwa vijana wawili wa filamu ile ya kuruka, kila mmoja kwa mlango wake, walikwenda kuuliza maswali ya imani.

Mwaka jana niliitazama tena Cheetah, nyumba ile ile, safari hii pamoja na mtoto wa dada yangu, kwenye simu iliyoegemezwa kikombe cha chai. Mwishoni akauliza, "Mjomba, yule msichana yuko wapi sasa?"

"Ni mtu mzima. Amekuwa wakili."

"Na Duma?"

Nikaanza kumweleza kwamba duma hata wa kufugwa ni nadra kufika miaka 20, na filamu hii ni ya 1989. Alijua kuhesabu. Sikulazimika kumaliza.