Kasongo na Kabambare: Kucheza mtandaoni bure au kwa kulipia, gharama iko wapi?

KASONGO – Jenereta ikianza kunguruma jioni, vijana wanajua kwamba sale ya michezo imefunguliwa. Ndani kuna benchi, televizio, PlayStation na manete mbili ambazo alama za vibonyezo vyake zimefutika kwa vidole. Aliyefungwa anaachia manete, aliyeshinda anabaki kwenye kiti, na mwenye sale anahesabu mechi. Hali ni hiyo hiyo katika wilaya jirani ya Kabambare, hadi Salamabila, ambako karieri za zahabu zimekusanya vijana kutoka pande nyingi.

Lakini kwenye benchi hizo mazungumzo yamebadilika. Zamani kijana alitaka kujulikana kama bingwa wa mtaa. Leo anataka kucheza na ndugu yake aliye Kinshasa, Nairobi au Paris. Hapo ndipo linapoingia neno "abonema". Kuna michezo ya mtandaoni inayochezwa bure, kuna inayodai malipo ya kila mwezi au mwaka, na katikati kuna watu wanaouza kode na akaunti kwa simu. Kwa kijana anayeendesha moto ya taksi au anayerudi kutoka karieri, kukosea hapo ni kupoteza dola ambazo zilimtoka kwa jasho.

Ilianza kwa bure

Kampuni ya Microsoft ilichagua kudai malipo ya kucheza mtandaoni kwenye konsoli yake. Mwezi Novemba 2002 ilifungua Xbox Live huko Marekani, na mchezaji alilipa karibu dola 50 kwa mwaka. Sony ilichagua njia nyingine. PlayStation 3 ilipotoka Novemba 2006, kucheza na watu wa mbali kulikuwa bure. Mtu alihitaji tu mchezo wake na intaneti. Nintendo nayo haikudai kitu kwa wenye konsoli ya Wii.

Mambo yaligeuka Novemba 2013, PlayStation 4 ilipotoka. Tangu hapo, michezo mingi ya kulipia inayochezwa na watu wa mbali kwenye PS4, na baadaye PS5, inahitaji PlayStation Plus, huduma iliyoanzishwa mwaka 2010. Nintendo ilifuata Septemba 2018, ikadai karibu dola 20 kwa mwaka kwa konsoli ya Switch. Kwa upande wa Sony, Septemba 2023 bei ya mwaka ya daraja la chini la PlayStation Plus ilipanda nchini Marekani kutoka dola 60 hadi 80 hivi.

Hii ndiyo sababu ya mabishano mengi kwenye benchi. Aliyezoea PS3 anakumbuka kwamba kucheza mtandaoni hakukuwa na malipo, na anasema kweli. Aliyenunua PS4 anasema lazima kulipa, naye hakosei sana. Kila mmoja anazungumzia konsoli yake na wakati wake.

Abonema inafungua nini?

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kudhani kwamba bila abonema PlayStation haiwezi kufanya kitu. Si hivyo. Mchezaji mwenye diski ya EA Sports FC anaweza kucheza mechi na rafiki aliyekaa pembeni yake, au kuendesha timu yake msimu baada ya msimu, bila kulipa Sony hata franka moja. Abonema anaihitaji pale anapotaka kukutana na mpinzani wa mbali ndani ya mchezo huo.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kila mchezo wa mtandaoni unadai abonema. Michezo inayotolewa bure, kama Fortnite, Rocket League na eFootball, inachezwa na watu wa mbali kwenye PlayStation bila PlayStation Plus. Microsoft nayo iliondoa sharti hilo kwa michezo ya bure ya Xbox mwezi Aprili 2021. eFootball, ambayo ni mtoto wa Pro Evolution Soccer inayopendwa sana kwenye sale zetu, imekuwa bure tangu Septemba 2021. Kijana anayetaka mpira tu na mpinzani wa mbali anaweza kuanzia hapo kabla ya kutoa dola 80.

Kosa la tatu linahusu "michezo ya zawadi". Anayelipia PlayStation Plus anapewa michezo kila mwezi, na wauzaji wa akaunti wanaisifu sana. Lakini michezo hiyo si mali yake. Abonema ikiisha, inafungwa, na itafunguka tena siku atakapolipa. Ni sawa na kupanga nyumba: kodi ikikatika, ufunguo unarudi kwa mwenyewe.

Hata bure ina mitego yake. Michezo hiyo inapata pesa kwa kuuza sarafu za ndani, nguo za wachezaji na nyota wa timu. Desemba 2022, tume ya biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Epic Games, kampuni ya Fortnite, itatoa dola milioni 245 za kurudishia wateja, kwa madai kwamba mpangilio wa vibonyezo uliwafanya watu, wakiwemo watoto, wanunue vitu bila kukusudia. Mzazi anayeacha simu yenye pesa mikononi mwa mtoto anayecheza mchezo wa bure afahamu jambo hilo.

Congo haimo kwenye orodha

Kwa mtu wa Kasongo kuna ukuta mwingine kabla ya kufikia swali la bei. Anayefungua akaunti ya PlayStation anatakiwa kuchagua nchi yake, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo haimo kwenye orodha hiyo. Afrika Kusini imo. Congo, Kenya na Tanzania hazimo. Hakuna duka rasmi la PlayStation linalouza kwa franka za Congo.

Hivyo wachezaji wa kwetu wanaandika kwamba wanaishi Ufaransa, Ubelgiji au Marekani. Akaunti inafunguka, lakini shida inakuja wakati wa kulipa. Duka la Ufaransa linataka njia ya malipo ya Ufaransa, na dola zilizo kwenye simu ya Kongamani haziingii humo moja kwa moja. Kinachobaki ni kununua kode kwa mtu wa kati. Kode nayo ina nchi yake: ya Ufaransa haifungui akaunti iliyoandikwa Marekani. Wengi hugundua jambo hilo wakati pesa zimekwisha kutumwa.

Hatari nyingine ni kununua akaunti iliyokwisha kulipiwa. Aliyeifungua anabaki na anwani yake ya barua pepe, na siku yoyote anaweza kubadilisha neno la siri na kuirudisha kwake. Mnunuzi wa Kabambare hana wa kumlalamikia, kwa sababu kwenye vitabu vya kampuni jina lake halipo.

Mwaka 2024 ulionyesha kwamba suala hili si la kinadharia. Helldivers 2, mchezo unaotolewa na Sony, ulikuwa ukiuzwa pia kwa wenye kompyuta katika nchi nyingi. Mwanzoni mwa Mei, Sony ilitangaza kwamba wachezaji hao watalazimika kuwa na akaunti ya PlayStation Network. Mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako huduma hiyo haipo rasmi. Watu waliokwisha kulipa waliogopa kufungiwa nje. Kelele zilikuwa kubwa, na tarehe 6 Mei Sony ikarudi nyuma. Kwa siku chache, mamilioni ya wachezaji duniani walizungumza juu ya jambo ambalo vijana wa Maniema wanaishi nalo kila siku: pesa zako zinapokelewa, lakini nchi yako haitambuliwi.

Bure inayokula mega

Tuseme kijana ameamua kucheza eFootball bila kulipa. Anahitaji kwanza kuupakua, na michezo ya PS4 na PS5 ina uzito wa makumi ya gigabaiti. Kwa intaneti ya megabiti 2 kwa sekunde, mchezo wa gigabaiti 40 unachukua karibu saa 44 mfululizo. Katika mji ambako watu wengi wanategemea jenereta au sola, saa 44 za umeme bila kukatika si jambo dogo. Baada ya hapo yanakuja masahihisho ya mara kwa mara, na kila moja linaomba mega zake.

Mechi yenyewe, kinyume na wanavyodhani wengi, haili mega nyingi. Kinachomaliza forfe ni kupakua. Ndiyo maana diski bado ina thamani kubwa upande wetu. Lakini hata diski si dawa ya kila kitu. PS5 ndogo iliyotoka mwishoni mwa 2023 ina kisomea-diski kinachoweza kutolewa, na kinapofungwa mara ya kwanza kinahitaji intaneti ili kitambuliwe. Anayetumiwa konsoli hiyo na ndugu aliye Ulaya afadhali amwombe aiwashe na kuitayarisha huko huko kabla ya kuituma.

Umeme nao una bei. PS5 ikichezwa inakula wati karibu 200, televizio haijahesabiwa. PS4 ndogo inatosheka na chini ya nusu ya hapo, na PlayStation 2 chini zaidi. Mwenye paneli moja ya sola ataona tofauti hiyo kabla ya saa tatu usiku.

Abonema haiharakishi mtandao

Kuna jambo ambalo wauzaji wa abonema hawalisemi: malipo hayo hayaongezi kasi ya intaneti. Katika mchezo wa mpira, kibonyezo kikibonyezwa ujumbe unasafiri hadi seva, mara nyingi Ulaya au Afrika Kusini, kisha jibu linarudi. Njia ikiwa ndefu au imejaa, mchezaji anapiga shuti na mpira unaondoka wakati beki amekwisha kufika.

Wanaotumia intaneti ya satelaiti za zamani wanalijua hilo vizuri. Satelaiti hizo ziko juu kwa karibu kilomita 36,000. Kwenda na kurudi, ujumbe unakaribia nusu sekunde hata kabla ya kufika kwenye seva. Kwa barua pepe si kitu. Kwa penalti ni mchezo umekwisha. Satelaiti za Starlink ziko karibu kilomita 550 tu, na kuchelewa kunapungua sana. Starlink ilikatazwa nchini Machi 2024, kisha Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ikatangaza kwamba imepewa leseni. Hata hivyo kifaa na malipo yake ya kila mwezi ni mzigo ambao familia nyingi za kusini mwa Maniema haziwezi kuubeba peke yao.

Daftari la mwenye sale

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye sale achukue kalamu. Dola 80 kwa mwaka zinaonekana kuwa kama dola 7 kwa mwezi. Lakini ikiwa mtandao unaruhusu kucheza vizuri jioni tano tu kwa mwezi, hizo ni jioni 60 kwa mwaka, na kila moja inamgharimu zaidi ya dola 1 na senti 30 kwa abonema peke yake. Bado hajaweka mega wala mafuta ya jenereta. Zaidi ya hayo, masharti ya Sony yanasema huduma hiyo ni ya matumizi ya mtu binafsi, si ya biashara. Akaunti ikifungwa, biashara imesimama.

Kwa upande mwingine, manete nne kwenye konsoli moja zinawaweka watu wanne ndani ya mechi moja bila intaneti. Mashindano ya mtaa, yenye ratiba ubaoni na fainali siku ya Jumapili, hayahitaji ruhusa ya seva yoyote.

Hii haimaanishi kwamba kulipia ni ujinga. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kasongo mwenye mtandao mzuri, akaunti aliyoifungua mwenyewe na ndugu wa kuaminika anayemnunulia kode ya nchi ile ile, anaweza kupata faida ya pesa zake. Lakini aanze na mwezi mmoja kabla ya kulipia mwaka mzima. Ajaribu kwanza mchezo wa bure kwa jioni kadhaa. Kama eFootball inakwamakwama nyumbani kwake, mchezo wa kulipia nao utakwama.

Na siku Congo itakapoingia kwenye orodha ya nchi, mahesabu haya yatabadilika. Kwa sasa, anayetoa dola zake Kasongo au Salamabila ajiulize maswali matatu kabla ya kutuma: akaunti ni ya nani, kode ni ya nchi gani, na mtandao wa hapa utamfikisha uwanjani?