Vinara wa Swichi za VLAN kwa Maabara ya Nyumbani

Namba kubwa kuliko zote inayoweza kupewa VLAN ni 4094, nayo ndiyo inayowapotosha wanunuzi wengi. Kiwango cha IEEE 802.1Q cha mwaka 1998 huingiza tagi ya baiti 4 katika fremu ya Ethernet, na biti 12 za tagi hiyo hubeba namba ya VLAN. Biti 12 zinatoa namba 4096, ila 0 na 4095 zimetengwa. Kuzitambua namba hizo ni jambo moja, kuziendesha kwa pamoja ni jingine. TP-Link TL-SG108E, swichi ya bei nafuu yenye poti 8 za gigabiti 1, inaendesha VLAN 32 tu kwa wakati mmoja. Na zinatosha kabisa! Ukishatenga moja ya usimamizi, moja ya hifadhi, moja ya mashine pepe, moja ya wageni na moja ya kamera, bado unabaki na 27.

Taji la ukongwe linakwenda kwa kampuni ya Kalpana ya California, iliyotoa swichi ya kwanza ya Ethernet mwaka 1990, ikiwa na poti 7. Cisco iliinunua kampuni hiyo mwaka 1994.

Kwa ulaji wa umeme na kelele, hakuna kinachozifikia swichi za mtumba zilizotolewa kwenye vyumba vya seva. Bei yake huvutia na uwezo wake ni mkubwa, lakini feni zake hazikutengenezwa kwa chumba anacholala mtu. Piga hesabu: kifaa cha wati 100 kikiwaka usiku na mchana kinamaliza yuniti 2.4 kwa siku, sawa na 876 kwa mwaka. Anayejiandaa kwa mitihani ya Cisco ana sababu ya kununua swichi ya Catalyst iliyotumika. Wengine wafikirie tokeni za umeme kwanza.

Taji la ukimya naipa MikroTik CRS305-1G-4S+IN, kutoka Latvia. Ni ndogo, haina feni, ina poti 4 za SFP+ za gigabiti 10 na moja ya gigabiti 1. Tofauti utaiona siku unapohamisha mashine pepe kutoka seva moja kwenda nyingine: terabaiti 1 kwenye waya wa gigabiti 1 huchukua zaidi ya saa mbili, ilhali kwenye gigabiti 10 ni chini ya robo saa, mradi diski ziende na kasi hiyo. Ukitumia RouterOS, mfumo endeshi wa MikroTik, panga kwanza VLAN ya usimamizi, ndipo uwashe uchujaji wa VLAN kwenye daraja (bridge). Ukianza na uchujaji, utajifungia nje ya swichi yako mwenyewe.

Namba ya ajabu kuliko zote ni 4095. Ingawa imetengwa, VMware ESXi huitumia kumaanisha “pitisha tagi zote hadi ndani ya mashine pepe”. Kwenye Proxmox VE, daraja hufanywa litambue VLAN, kisha kila mashine hupewa tagi yake. Kwa mpangilio huo, waya mmoja kutoka swichi hadi seva unabeba mitandao yote.

Kosa ninaloliweka juu ya mengine ni la PVID, yaani namba ya VLAN ambayo poti huzipa fremu zinazoingia bila tagi. Kwenye swichi nyingi nyepesi, kuiweka poti katika VLAN 20 bila tagi hakutoshi, kwa sababu PVID yake hubaki 1. Fremu za VLAN 20 zitakifikia kifaa, lakini majibu yake yataangukia VLAN 1, na utalaumu ukuta wa moto bure.

Mwenye seva moja achukue swichi ya poti 8 isiyo na feni. Mwenye seva mbili na hifadhi ya pamoja aende moja kwa moja kwenye CRS305. Na kabla hujalipa, fungua mwongozo wa swichi uangalie mstari mmoja: idadi ya VLAN zinazofanya kazi kwa pamoja.