NCHI JIRANI: MATOKEO YA SHULE KUBWA ZA KENYA NA MIZANI YA HAKI

Kila matokeo ya mtihani wa kumaliza sekondari yanapotangazwa nchini Kenya, macho ya wananchi huelekea kwenye shule chache zenye majina makubwa: Alliance, Mang'u, Maseno, Kenya High na nyinginezo za kitaifa. Swali huwa moja: ni ipi iliyopeleka vijana wengi zaidi Chuo Kikuu? Swali hilo laonekana jepesi, lakini jibu lake laweza kumpotosha mzazi.

Shule hizo ni mali ya umma. Hata hivyo, mali ya umma haimfikii kila mtu kwa urahisi ule ule. Mwongozo wa Serikali wa mwaka 2015 uliweka karo ya shule ya bweni ya kitaifa kuwa shilingi 53,554 za Kenya kwa mwaka. Kwa mkulima mdogo, hizo si fedha za mchezo.

Tena, kwa miaka mingi nafasi za shule hizo ziligombewa kwa mtihani wa darasa la nane, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Waliochaguliwa walikuwa vinara, na wengi wao walitoka katika shule za msingi za kulipia. Ndiyo sababu mwaka 2011 Serikali iliweka mgawo, ili mtoto wa shule ya umma naye apate nafasi yake.

Basi, kuilinganisha shule ya namna hiyo na shule ya kutwa ya kijijini ni kupima vitu viwili kwa mizani mbovu. Mkufunzi wa askari hasifiwi kwa kukabidhiwa kuruta aliyekwisha kuwa hodari. Husifiwa kwa hatua aliyomfikisha kuruta huyo tangu siku alipompokea.

Hata shule kubwa zenyewe zikilinganishwa, hadhari yahitajika. Chukua mfano wa shule yenye watahiniwa 400 iliyopeleka 360 vyuoni, na nyingine yenye 100 iliyopeleka 98. Ya kwanza imeshinda kwa wingi, ya pili kwa uwiano. Isitoshe, alama ya C+ humpa kijana sifa ya kuingia Chuo Kikuu, lakini haimhakikishii udaktari wala uhandisi.

La mwisho ni uaminifu. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata alama ya A. Mwaka 2016, ulinzi ulipokazwa, karatasi zikafungiwa katika makontena na kusindikizwa na polisi, waliopata A walikuwa 141 tu. Wapo waliodai kuwa usahihishaji nao ulibadilika. Lakini ni dhahiri kwamba vijana wa nchi nzima hawakupungukiwa akili katika muda wa mwaka mmoja. Askari aliyelinda kontena alilinda jasho la mtoto asiye na fedha za kununulia majibu.

Mwaka 2014 Kenya ilipiga marufuku kupanga shule kwa nafasi, ingawa mashindano hayakwisha midomoni mwa watu. Tanzania nayo, mwezi Januari 2023, iliacha kutangaza shule kumi bora. Kuficha orodha peke yake hakuleti usawa. Usawa utakuja pale mtoto wa shule ya kutwa atakapopata mwalimu, kitabu na maabara, kisha akapimwa kwa mtihani usioibwa.