Pishi ya Mchele na Pishi ya Intaneti

Kau ni mji uliozoea vipimo. Zamani, mashua zilipokuwa zikipanda Mto Ozi kutoka Kipini kuja kupakia mchele na nafaka nyingine za bonde la Tana ili zipelekwe Lamu, mzigo ulihesabiwa kwa pishi, na kila mtoto alijua kwamba pishi ni vibaba 4. Hata leo, Ramadhani ikikaribia kwisha, pishi hiyo hiyo ndiyo tunayoitaja tunapotoa zaka ya fitri. Basi mtu wa huku akiuliza kama kipimo fulani ni cha haki, msomaji asidhani kwamba anapiga porojo la barazani. Anauliza jambo alilolelewa nalo.

Kipimo kinachoulizwa siku hizi ni cha intaneti. Nyaya za faiba hazijaingia majumbani mwetu. Nyumba nyingi hutegemea simu moja: hununuliwa bando, simu ikawekwa dirishani pale mtandao unaposhika vizuri, na wengine wote wakajiunga kwayo. Katika bando hiyo moja mtoto atazame somo lake, mama azungumze kwa picha na mwanawe aliye Doha au Jeddah, kijana ajaze fomu za mkopo wa chuo kikuu, na mzee naye asikilize darsa. Huduma nyingi za serikali zimehamia eCitizen, kwa hiyo hata asiyeipenda intaneti hulazimika kuitafuta. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, aliniuliza data yake ya wiki nzima imekwenda wapi siku ya tatu tu, ilhali hakuna aliyeiona ikitoka mlangoni. Sikucheka, kwa kuwa swali lake ndilo swali lenyewe.

Wako walioanza kutazama juu. Starlink, iliyoanza kuuza huduma zake nchini Kenya mwezi wa Julai 2023, ilileta mwaka 2024 kifurushi cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300 kwa mwezi, mbali na bei ya dishi lenyewe. Kwa mtu aliyezoea bando za shilingi 20 na 50, gigabaiti 50 ni ghala zima. Lakini tupige hesabu. Video ya kawaida hula kiasi cha gigabaiti 1 kwa saa, na ile ya picha safi hufika 3. Gigabaiti 50 ukizigawa kwa siku 30 ni saa 1 na dakika 40 za video ya kawaida kwa siku, kwa nyumba nzima. Ukitaka picha safi, ni nusu saa na dakika chache. Nyumba ya watu wanane wagawane vipi nusu saa?

Hapa ndipo inapotubidi kupambanua baina ya mchele na mto. Mchele ukiupima pishi moja ukampa mtu, ghalani pamepungua pishi moja, na bei yake inaeleweka. Data haiko hivyo. Hapana ghala lolote, si Nairobi wala ng'ambo, ambamo gigabaiti huchotwa mpaka zikaisha. Kinachouzwa ni nafasi ya kupita. Na mfano wake tunao hapa hapa: Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19 zama za Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba, ili kuunganisha Tana na Ozi. Vyombo mia vikipita humo kwa zamu, usiku na mchana, mfereji hauishi. Lakini vyombo 20 viking'ang'ania kuingia kwa wakati mmoja, vyote hukwama. Gharama ya mfereji ni kuuchimba, na kuupanua kwa ajili ya ile saa ya msongamano. (Tana yenyewe baadaye iliipenda njia hiyo, ikaifanya ndiyo njia yake kuu ya kwendea baharini.) Kufika mwishoni mwa miaka ya 1880 mfereji huo ulikuwa umekwisha leta ugomvi wa ushuru baina ya watawala wa Witu na kampuni ya Waingereza ya IBEA, maana aliyeushika mlango wa mfereji ameishika biashara yote.

Kwa hiyo kikomo cha mwezi hupima kitu kisicho na shida. Anayepakua vitabu saa tisa za usiku, mtandao ukiwa mtupu, huhesabiwa sawa na anayetazama mpira saa mbili usiku wakati mji mzima uko hewani. Wauzaji wenyewe wanalijua hili. Makampuni ya simu yamewahi kuuza bando za usiku kwa bei nafuu, na kwa kufanya hivyo wamekiri kwamba lenye gharama ni saa.

Walakini haki ni ya pande zote mbili. Mawimbi ya mlingoti wa simu yana mwisho wake, na ya setilaiti vivyo hivyo. Nyumba moja ikiyamaliza, mtaa mzima huteseka. Mwezi wa Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Penye uhaba wa kweli, kumzuia mmoja asiwamalizie wenzake si dhuluma. Mimi sioni ubaya wa kikomo cha namna hiyo, mradi kiwe kimetajwa wazi kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Udhuru huo hauwezi kuchukuliwa mzima mzima ukapelekwa kwenye nyaya za faiba. Mwaka 2020 Safaricom iliwawekea wateja wake wa faiba majumbani kanuni iliyoitwa ya matumizi ya haki: ukifika gigabaiti kadhaa, 500 kwa vifurushi vya chini, kasi inapunguzwa mpaka mwezi uishe. Gigabaiti 500 ni nyingi, sikatai, na wa Kau angezipata angesherehekea. Lakini waya wa megabiti 10 kwa sekunde, ukitumika mfululizo bila kupumzika, huzimaliza kwa siku 4 na nusu hivi. Maana yake ni kwamba mtu ameuziwa njia ya mwezi mzima, akaruhusiwa kuijaza siku tano. Huko Marekani, korona ilipoingia mwezi wa Machi 2020, kampuni ya Comcast iliondoa vikomo vyake mpaka mwisho wa Juni, na watu wote walikuwa majumbani wakisoma na kufanya kazi kwa intaneti. Mtandao haukuvunjika. Vikomo vilirudishwa baadaye, na mtu ana haki ya kuuliza vilikuwa vikilinda nini.

Linalonikera zaidi ni maneno. Sura ya 83 ya Qurani imepewa jina la wapunjao vipimo, na sisi sote tumefunzwa chuoni kwamba kuuza kitu kisichojulikana kiasi chake ni gharari. Sasa, kifurushi kinachotangazwa kuwa hakina kikomo, kisha kikomo chake kikaandikwa chini kwa herufi za sisimizi, tukiite nini? Na bando inayokufa usiku wa manane ikiwa haijaliwa, je? Mwaka 2019 wakili mmoja alipeleka malalamiko ya bando hizo mbele ya baraza la rufani za mawasiliano, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Safaricom ikaanza kuuza bando zisizo na tarehe ya kufa. Hatua njema. Lakini bando nono kwa shilingi ndogo zimebaki zile za saa moja na za siku moja, ambazo maskini hununua kwa kuwa hana za mwezi.

Hivyo mwenye waya mjini hupimiwa kwa mamia, na asiye na waya, kwa kuwa waya haukumfikia, hupimiwa kwa kibaba na kwa bei iliyo juu zaidi kwa kila gigabaiti. Vijana wa hapa wamekwisha tafuta njia yao. Mwezi wa Ramadhani hawalali baada ya daku. Hukaa wakapakua masomo na darsa wakati mtandao ni mwepesi na hakuna anayesumbuliwa, ijapokuwa kipimo chao kinahesabu gigabaiti ile ile kana kwamba ni saa mbili usiku.