Michezo ya timu na afya ya mifupa kwa wanaume

Michezo ya timu na afya ya mifupa kwa wanaume ni mada inayohusu jinsi michezo kama mpira wa miguu, mpira wa kikapu, mpira wa wavu na besiboli inavyoathiri uimara wa mifupa ya mwanamume kadiri umri unavyoongezeka. Mfupa ni tishu hai: hujengwa unapotumiwa na hupungua usipotumiwa. Kukimbia, kuruka, kusimama ghafla na kugeuka huipa mifupa ya miguu na nyonga mzigo wa aina inayoiimarisha.

Osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua madini na kuwa rahisi kuvunjika, hudhaniwa mara nyingi kuwa ugonjwa wa wanawake. Ni kweli kwamba wanawake huupata zaidi. Hata hivyo inakadiriwa kwamba mwanamume 1 kati ya 5 waliovuka umri wa miaka 50 atavunjika mfupa kwa sababu hiyo katika maisha yake yaliyobaki. Zaidi ya hayo, wanaume wanaovunjika nyonga hufariki katika mwaka unaofuata kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake waliopatwa na ajali ileile.

## Mfupa unavyojijenga upya

Mfupa umefanyizwa kwa nyuzi za protini ziitwazo kolajeni pamoja na madini, hasa ya kalisi na fosforasi. Kolajeni huufanya usiwe mkavu wa kukatika ovyo, nayo madini huupa ugumu.

Ndani yake kuna seli za aina tatu zinazohusika na kazi ya kuutunza. Osteoklasti humeng'enya mfupa uliochakaa, osteoblasti hujaza mfupa mpya mahali pale, na osteosaiti, ambazo zimezikwa ndani ya mfupa wenyewe, huhisi mzigo na kutoa ishara kwa seli nyingine. Kwa njia hiyo karibu asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hubadilishwa kila mwaka.

Daktari mpasuaji Mjerumani Julius Wolff alieleza mwaka 1892 kwamba umbo na uimara wa mfupa hufuata mizigo inayoukabili. Katika karne ya 20 Mmarekani Harold Frost aliendeleza wazo hilo: mzigo ukizidi kiwango ambacho mfupa umekizoea, mfupa huongezeka, ukipungua mno, mfupa hupungua. Mfano unaojulikana ni wa wanaanga. Wakikaa angani, ambako miguu haibebi uzito wa mwili, hupoteza takriban asilimia 1 ya madini ya mifupa ya nyonga kila mwezi.

## Kutoka ujana hadi uzee

Mifupa huongezeka kwa kasi wakati wa kubalehe na hufikia kilele chake kati ya miaka ya ishirini na mwanzo wa miaka ya thelathini. Kilele hicho ni mfano wa akiba: mwenye akiba kubwa huchelewa kufilisika hata akitumia kila mwaka.

Kwa wanawake homoni ya estrojeni hushuka ghafla wanapokoma hedhi, na mifupa hupungua haraka katika miaka inayofuata. Wanaume hawana kipindi cha namna hiyo. Upungufu wao huenda polepole, kwa kawaida chini ya asilimia 1 kwa mwaka, na kwa sababu hauonyeshi dalili wengi hawautambui mpaka siku ya kuvunjika. Testosteroni inaposhuka kwa umri mifupa huathirika, na sehemu ya athari hiyo hupitia estrojeni, kwa kuwa mwili wa mwanamume pia hutengeneza estrojeni kutokana na testosteroni.

Mfupa mrefu unapozeeka hupungua zaidi kutoka ndani. Uwazi wa katikati unaobeba uboho hupanuka na ukuta wa mfupa huwa mwembamba, ilhali upana wa nje hubaki. Jambo hili ni muhimu kwa kuelewa faida ya michezo ya ujanani.

## Aina ya mzigo unaofaa

Si kila zoezi hujenga mfupa sawasawa. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kanuni tatu kuu:

* Mzigo unapaswa kuwa wa kubadilikabadilika. Kubeba kitu kizito bila kusogea hakuamshi seli za mfupa kama kishindo cha kuruka na kutua.
* Mzigo unaokuja kwa kasi na kutoka pande zisizozoeleka hufaa kuliko ule wa taratibu unaofuata mwelekeo mmoja.
* Marudio machache yanatosha. Mwaka 1984 watafiti Clinton Rubin na Lance Lanyon walionyesha kwamba mfupa wa bawa la ndege ulioshinikizwa mara 36 tu kwa siku uliongezeka, na kuongeza marudio hadi mamia hakukuleta faida zaidi. Seli za mfupa huzoea kishindo na kuacha kuitikia, kisha hupata tena wepesi wake baada ya mapumziko.

Michezo ya timu hutimiza masharti hayo bila mchezaji kuyafikiria. Katika mpira wa miguu mtu hutembea, hukimbia kwa kasi, husimama, hugeuka, huruka kwa kichwa na kupiga shuti, na kati ya matendo hayo hupata nafasi ya kupumua. Mpira wa kikapu na wa wavu huongeza kuruka na kutua mara nyingi.

Kinyume chake, kuogelea na kuendesha baiskeli, ingawa ni mazoezi mazuri sana kwa moyo na mapafu, hayaongezi mifupa kwa kiasi hicho kwa sababu uzito wa mwili hubebwa na maji au na kiti. Waendesha baiskeli wa mashindano ya barabarani wamepatikana mara nyingi wakiwa na madini kidogo katika pingili za uti wa mgongo.

## Ushahidi wa besiboli

Ni vigumu kulinganisha wachezaji na wasiocheza, kwani huenda wenye mifupa imara ndio wanaochagua michezo. Besiboli imetoa njia ya kuepuka tatizo hilo. Mrushaji wa besiboli hutumia mkono mmoja, hivyo mkono wake wa pili huwa kipimo: mikono yote miwili ina urithi mmoja, chakula kimoja na homoni zilezile.

Mwaka 2014 Stuart Warden na wenzake nchini Marekani walichapisha vipimo vya wachezaji wa besiboli wa umri mbalimbali, wakiwemo wazee walioacha kurusha miongo mingi kabla. Kwa vijana wanaoendelea kucheza, uimara wa mfupa wa mkono wa juu upande wa kurushia ulikaribia kuwa maradufu ya ule wa upande wa pili. Baada ya kuacha, faida ya unene wa ukuta ilipotea polepole kadiri uwazi wa ndani ulivyopanuka. Lakini upana wa nje ulidumu: karibu nusu ya faida ya ukubwa na theluthi moja ya faida ya uimara vilibaki maisha yote. Walioendelea kurusha walipozidi kukua kiumri walibaki na sehemu kubwa zaidi.

Matokeo hayo yanafundisha mambo mawili. Michezo ya utotoni na ujanani huacha alama isiyofutika kabisa, na anayeacha kucheza hupoteza sehemu ya alichokipata.

## Kuanza katika uzee

Nchini Denmark watafiti walichunguza kama mpira wa miguu unaweza kuwafaa wanaume wazee wasio na mazoezi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, wanaume 26 wenye wastani wa umri wa miaka 68 waligawanywa katika makundi matatu: waliocheza mpira kwenye uwanja mdogo mara 2 hadi 3 kwa wiki, waliofanya mazoezi ya kuinua vyuma, na waliobaki na maisha yao ya kawaida. Baada ya miezi 12 madini katika sehemu ya juu ya mfupa wa paja yaliongezeka kwa hadi asilimia 5.4 kwa wacheza mpira, wakati makundi mengine mawili hayakubadilika. Idadi ya washiriki ilikuwa ndogo, hivyo tarakimu hiyo haipaswi kuchukuliwa kuwa ahadi kwa kila mtu.

Jaribio jingine mjini Copenhagen lilihusu wagonjwa wa saratani ya tezi dume waliokuwa wakipewa dawa za kuzuia testosteroni, ambazo hupunguza mifupa haraka. Wanaume 57 walishiriki. Baada ya wiki 32, waliocheza mpira walikuwa na madini mengi zaidi katika nyonga kuliko wale ambao hawakucheza.

Katika majaribio ya namna hiyo imeonekana pia kwamba mtu huhudhuria kwa sababu wenzake wanamngoja. Kwa kuwa faida ya mfupa huonekana baada ya miezi mingi, kudumu na zoezi ni muhimu kama zoezi lenyewe. Hapo ndipo timu za maveterani, zinazokutana asubuhi za mwisho wa wiki katika miji mingi ya Tanzania na Kenya, zina thamani kiafya.

## Kuanguka na kuvunjika

Mfupa wa mzee huvunjika kwa kawaida kwa kukutana mambo mawili: mfupa dhaifu na kuanguka. Hivyo nguvu za misuli ya mapaja na uwezo wa kujishika unapojikwaa hulinda hata pale madini hayajaongezeka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, hupendekeza wazee wafanye mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu angalau siku 3 kwa wiki.

## Hatari na mipaka

Michezo ya timu ina madhara yake. Waliocheza mpira wa ushindani kwa miaka mingi hupata zaidi kulika kwa gegedu la magoti. Wenye umri mkubwa wanaorudi uwanjani ghafla huumia misuli ya paja na kano ya kisigino. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, au aliyewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo anahitaji kupimwa kwanza. Wenye osteoporosisi iliyokwisha kuthibitishwa huhatarishwa na migongano na kuinama kwa nguvu.

Kwa sababu hizo kuna michezo iliyolegezwa, kama mpira wa miguu wa kutembea ulioanzia Chesterfield, Uingereza, mwaka 2011, ambamo kukimbia hakuruhusiwi. Huo ni salama zaidi, lakini vishindo vyake kwa mifupa pia ni vidogo.

Mchezo hauwezi kujenga bila vifaa vya ujenzi. Mwili huhitaji kalisi, inayopatikana katika maziwa na dagaa wanaoliwa na miiba yao, na vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua. Uvutaji wa sigara, ulevi na matumizi ya muda mrefu ya dawa kama prednisoloni hudhoofisha mifupa, na mtu anaweza kupoteza kwa njia hizo kile alichokipata uwanjani.